Urithi wa Kipofu: Zawadi za Pulitzer na Waandishi wa Columbia

Katika mji wa New York, nchini Marekani, kuna chuo kikuu kiitwacho Columbia. Ndani ya chuo hicho kuna jumba la wanafunzi wa uandishi wa habari, na ndani ya jumba hilo kuna chumba chenye dirisha la vioo vya rangi, mfano wa yale tunayoyaona katika makanisa makubwa. Lakini katika vioo vile hakuna Mtakatifu wala Malaika. Kuna mwanamke mwenye taji, ameinua mwenge, nayo dunia imechorwa nusu mbili kando yake. Zamani dirisha hilo lilikuwa katika jumba la gazeti lililoitwa World, maana yake Dunia. Gazeti lilikufa, jumba likabomolewa, dirisha likahamishwa. Na katika chumba hicho, kwa miaka mingi, yametangazwa majina ya waandishi waliopata zawadi ambayo Wamarekani huiheshimu kuliko zote za kalamu, yaani zawadi ya Pulitzer.

Wasomaji wetu watauliza: Sisi watu wa Kongo tuna nini na zawadi za New York? Tuna jambo. Mwaka 1961 zawadi moja ilitolewa kwa ajili ya habari za matata ya Kongo. Mwaka 2009 nyingine ilipewa mchezo wa kuigiza ambao mahali pake ni msitu wa Ituri. Na mwaka 2005 mwana wa Afrika, aliyesoma Columbia, aliipata kwa kuandika habari za jirani zetu wa Rwanda. Tutawafikia wote hao. Lakini kwanza inafaa tumjue mwenye mali, kwa kuwa zawadi hizi zimetoka mfukoni mwa mtu mmoja, naye hakuwa Mmarekani wa kuzaliwa.

Kijana asiyetakiwa na majeshi

Joseph Pulitzer alizaliwa tarehe 10 Aprili 1847 katika mji mdogo wa Makó, nchi ya Hungaria. Baba yake alifanya biashara ya nafaka. Alipofariki, mali ikapotea, na watoto wakabaki katika shida. Kijana Joseph akataka kuwa askari. Akaenda kwa Waaustria, wakamkataa. Akajaribu kwa Wafaransa, wakamkataa. Kwa Waingereza vilevile. Wote waliona neno moja: macho yake yalikuwa mabovu, na mwili wake mwembamba kama unyasi. Mwishowe, mwaka 1864, alikutana huko Hamburg na watu waliokuwa wakitafuta askari kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Hao hawakuchagua sana. Akapanda meli, akiwa na miaka kumi na saba, bila kujua vizuri lugha ya nchi aliyoiendea.

Vita vilipokwisha alikuwa maskini kabisa. Akaelekea mji wa St. Louis, kwa sababu huko walikaa Wajerumani wengi, na Kijerumani alikijua. Alilisha nyumbu, alipakua mizigo, aliwahudumia watu mezani. Saa zake za mapumziko hakuzipoteza. Alikwenda katika nyumba ya vitabu ya mji, akajifunza Kiingereza na sheria. Katika nyumba hiyo kulikuwa na chumba cha sataranji. Siku moja alisimama nyuma ya wachezaji wawili, akasema neno juu ya mchezo wao, nao wakageuka wamtazame kijana huyu mwenye akili. Walikuwa wakubwa wa gazeti la Kijerumani liitwalo Westliche Post. Mazungumzo yakafuata, na mwaka 1868 wakampa kazi.

Tungependa wasomaji walishike jambo hili, kwani husahauliwa: mtu ambaye jina lake leo ni heshima ya Kiingereza cha Marekani alianza kuandika katika gazeti la wageni, kwa lugha ya wageni, lililosomwa na maseremala na watengenezaji wa pombe.

Kutoka hapo alipanda upesi. Mwaka 1878 alinunua kwa mnada gazeti lililofilisika, kwa dola 2,500 tu, akaliunganisha na lingine. Mwaka 1883 akanunua World ya New York kwa dola 346,000, akalifanya gazeti la watu wadogo: wahamiaji, wafanyakazi wa viwanda, wanawake wa kufua nguo. Alitumia maneno mafupi na picha nyingi. Alimtuma mwandishi msichana, Nellie Bly, ajifanye mwenye wazimu ili aingie katika nyumba ya wagonjwa wa akili na kuona wanavyotendewa. Habari zake za mwaka 1887 ziliwaaibisha watawala wa mji.

Liko jambo jingine ambalo kila mtu aliyewahi kuchangia ujenzi wa shule au kanisa atalifahamu mara moja. Wafaransa walikuwa wamewapa Wamarekani sanamu kubwa ya Uhuru, ndiyo ile iliyochorwa katika vioo tulivyovitaja. Sanamu ilikuwa tayari, lakini msingi wa kuisimamisha haukuwa tayari, na matajiri wa New York walifunga mifuko yao. Mwaka 1885 Pulitzer akawaita wasomaji wake wachange. Akaahidi kuchapa jina la kila mtoaji, hata akitoa senti moja. Katika muda wa miezi mitano watu zaidi ya 120,000 walitoa dola zaidi ya 100,000, na wengi wao hawakufikisha hata dola moja kila mmoja. Watoto walileta akiba zao. Majina yote yakachapwa. Sanamu ikasimama mwaka 1886.

Tusimfanye malaika. Pulitzer aligombania wasomaji na tajiri mwingine, Hearst, na katika kushindana kwao magazeti yote mawili yalijaa mauaji, fitina na vichwa vya habari vya kutisha. Walipandisha hasira za watu kabla ya vita vya Marekani na Hispania vya mwaka 1898. Watu wakayaita magazeti ya manjano, kwa sababu ya kikaragosi cha mtoto mwenye kanzu ya manjano ambacho wote wawili walikigombania. Habari nyingi za siku zile zilikuwa nusu kweli, na nyingine hazikufika hata nusu.

Wakati huo mwenyewe alikuwa ameanza kuingia gizani. Kufika mwaka 1890 macho yake yalikuwa karibu yamekufa, ingawa alikuwa na miaka 43 tu. Maradhi ya mishipa yakamfanya asiweze kuvumilia kelele. Hata mtu kutafuna kwa sauti mezani kulimtesa. Akajengewa vyumba vyenye kuta nene. Akakaa melini, akizunguka bahari pamoja na makarani waliomsomea magazeti mchana kutwa, naye akiongoza World kwa simu za maandishi. Mtu aliyewafundisha maskini wa New York kusoma gazeti hakuweza tena kulisoma lake. Akafariki tarehe 29 Oktoba 1911, meli yake ikiwa katika bandari ya Charleston.

Chuo kilichokataa, kisha kikakubali

Katika giza lile alikuwa na wazo moja ambalo hakuliacha: uandishi wa habari ufundishwe chuoni, kama vile sheria na udaktari. Mwaka 1892 alipeleka fedha zake Columbia, na wakuu wa chuo wakakataa. Pengine waliogopa harufu ya magazeti ya manjano. Hatuwezi kuwalaumu sana. Alipomjia mkuu mwingine, Nicholas Murray Butler, mambo yakageuka, na mwaka 1903 mapatano yakafanywa. Watu wengi wa magazeti walicheka. Walisema mwandishi huzaliwa, hafundishwi. Pulitzer akawajibu mwaka 1904, kwa ukali wake wa kawaida, kwamba yeye anajua cheo kimoja tu ambacho mtu anaweza kukishika kwa sababu ya kuzaliwa bila kujifunza lolote, nacho ni cheo cha mpumbavu. Sisi walimu tunamshukuru kwa neno hilo.

Alitoa dola milioni mbili. Shule ikafunguliwa mwaka 1912, yeye akiwa amekwisha kufa. Nusu milioni katika fedha hizo iliwekwa kando kwa zawadi na misaada ya masomo, na zawadi za kwanza zikatolewa mwezi wa Juni 1917. Mwandishi wa habari wa kwanza kuipata alikuwa Herbert Bayard Swope wa World, kwa habari alizoandika kutoka Ujerumani wakati wa vita. Riwaya hazikupewa kitu mwaka ule, wala michezo ya kuigiza, kwa kuwa waamuzi hawakuona kazi iliyostahili. Tangu hapo desturi hiyo imebaki: zawadi yaweza kukaa bila mwenyewe.

Wosia wa 1904 ulitaja zawadi nne za magazeti na nne za vitabu na michezo ya kuigiza, pamoja na moja ya elimu. Baadaye nyingine zikaongezwa: mashairi mwaka 1922, picha mwaka 1942, muziki mwaka 1943. Kazi yenyewe huenda hivi. Kila namna ya maandishi ina waamuzi wake, watu wa kazi hiyohiyo, nao husoma yote yaliyoletwa, kisha hupeleka majina matatu mbele ya baraza kubwa. Baraza hushauriana kwa siri na kuchagua moja. Laweza pia kuyakataa yote matatu, na limefanya hivyo zaidi ya mara moja. Mwaka 1941 kitabu cha Ernest Hemingway juu ya vita vya Hispania kilikaribia sana, lakini Butler akakipinga kwa nguvu, na mwaka ule riwaya haikupewa zawadi. Kinyume chake, mwaka 1926 zawadi ilipewa riwaya ya Sinclair Lewis, naye mwenyewe akaikataa.

Fedha si nyingi kama watu wanavyodhani. Kwa miaka kadhaa zilikuwa dola 10,000. Tangu 2017 ni dola 15,000. Gazeti lililowatumikia wananchi kuliko mengine hupewa nishani ya dhahabu bila fedha yoyote, na hiyo ndiyo inayotamaniwa zaidi.

Columbia ina zawadi nyingine pia. Ile ya Bancroft, iliyoanza mwaka 1948, ni ya vitabu vya historia. Ile ya Maria Moors Cabot, ya tangu miaka ya 1930, ni ya wanaoandika habari za Amerika ya Kusini na visiwa vyake. Lakini watu wanaposema zawadi ya Columbia humaanisha Pulitzer.

Na wanafunzi wa zamani wa chuo hicho wameipata mara nyingi. Carl Van Doren aliipata mwaka 1939 kwa kitabu cha maisha ya Benjamin Franklin, na mwaka uliofuata mdogo wake, Mark, akaipata kwa mashairi. Sijui ni nyumba ngapi duniani zilizoona furaha ya namna hiyo. Mark alifundisha Columbia miaka mingi, na mmoja wa wanafunzi wake, John Berryman, akaipata kwa mashairi mwaka 1965. Mwaka mmoja kabla yake ilikwenda kwa Louis Simpson, mzaliwa wa Jamaica, aliyeyaacha masomo ya Columbia aende vitani Ulaya, kisha akarudi. Herman Wouk, mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Urusi, alimaliza Columbia mwaka 1934, akatumika katika manowari katika bahari ya Pasifiki, na mwaka 1952 akazawadiwa kwa riwaya ya manowari yenye nahodha asiyefaa. Margo Jefferson, mwanamke mweusi aliyemaliza shule ya uandishi mwaka 1971, aliipata mwaka 1995 kwa uhakiki wa vitabu na sanaa. Mwaka huohuo aliipata Jim Dwyer, mwana wa wahamiaji wa Ireland, ambaye aliwahi kuandika habari za watu wanaopanda treni za chini ya ardhi za New York, wakisukumana asubuhi na jioni. Tunampenda huyu kuliko wengi, kwa sababu alionyesha kwamba habari haikai ikuluni peke yake.

Mtoto ambaye hakuwako

Zawadi kubwa huvuta pia watu wa uongo. Mwezi wa Septemba 1980 gazeti la Washington Post lilichapa habari ya mtoto wa miaka minane aliyedungwa sindano za dawa za kulevya nyumbani kwao. Mwandishi wake alikuwa Janet Cooke, msichana hodari wa kalamu. Mji mzima ulilia. Polisi wakatumwa kumtafuta mtoto, wasimwone. Mwezi wa Aprili 1981 habari hiyo ikapewa Pulitzer. Hapo ndipo gazeti jingine, ambalo Cooke alilifanyia kazi zamani, likaanza kulinganisha karatasi: masomo aliyojitangazia hayakuwa masomo aliyoyapata. Wakubwa wake wakamwuliza juu ya shule, kisha juu ya mtoto. Hakukuwa na mtoto. Siku mbili baada ya furaha, zawadi ikarudishwa.

Kisa cha Walter Duranty ni kizito zaidi, na mwisho wake hauturidhishi. Huyu aliandika kutoka Moscow kwa New York Times, akapewa zawadi mwaka 1932. Mara baada ya hapo njaa ikaua mamilioni ya watu katika Ukraine, naye akawaambia wasomaji wake kwamba hakuna njaa ya kufisha. Watu wengi wameomba anyang'anywe zawadi, hata baada ya kufa kwake. Mwaka 2003 baraza likakataa, likisema kwamba zawadi ilitolewa kwa maandishi ya mwaka 1931, yaliyoandikwa kabla ya njaa, na kwamba halikuona udanganyifu wa makusudi katika hayo. Kwa sheria, huenda wana haki. Lakini Cooke alibuni mtoto mmoja ambaye hakuwako, akaanguka siku mbili baadaye. Duranty aliwafuta watoto wengi waliokuwako, na jina lake lingali katika orodha.

Afrika katika orodha ya New York

Sasa turudi kwetu. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na matata yakaanza mara moja, waandishi wa dunia nzima walimiminika Léopoldville na Élisabethville. Mmoja wao alikuwa Lynn Heinzerling wa shirika la Associated Press, mwanamume mtu mzima aliyekwisha kuona vita vya Ulaya. Mwaka 1961 alipewa zawadi ya habari za nchi za nje kwa sababu ya kazi yake katika siku hizo ngumu. Hivyo machozi ya wazee wetu yaliingia katika orodha ya Columbia mapema.

Afrika ya Kusini ilimletea zawadi mwanafunzi wa Columbia, Joseph Lelyveld, aliyemaliza shule ya uandishi mwaka 1960. Serikali ya ubaguzi ilimfukuza mwaka 1966. Akarudi miaka ya 1980, akaandika kitabu juu ya maisha ya weusi na weupe katika nchi ile, nacho kikazawadiwa mwaka 1986. Lakini nchi hiyohiyo ilikuwa imekwisha kumnyima mwingine. Les Payne, mwandishi mweusi wa gazeti la Newsday, aliandika juu ya maasi ya Soweto. Mwaka 1978 waamuzi walimchagua. Baraza likageuza uamuzi na kumpa mtu mwingine. Payne alifariki mwaka 2018, na zawadi ikamfikia mwaka 2021, kwa kitabu cha maisha ya Malcolm X ambacho binti yake, Tamara, alikimalizia.

Tumemtaja Payne kwa sababu alikuwa mmoja wa wakubwa wa Newsday wakati Mwafrika tunayemngojea alipolifanyia kazi gazeti hilo. Jina lake ni Dele Olojede. Alizaliwa mwaka 1961 huko Modakeke, Nigeria, akasoma Lagos, akawa miongoni mwa waandishi wa kwanza wa gazeti la Newswatch. Mkuu wa gazeti lile, Dele Giwa, aliuawa nyumbani kwake tarehe 19 Oktoba 1986 kwa bomu lililofichwa katika bahasha. Olojede akaondoka Nigeria, akasoma Columbia, akamaliza mwaka 1988, na mara akaajiriwa na Newsday.

Mwezi wa Aprili 1994 alikuwa Afrika ya Kusini. Wazee walikuwa wakipanga mistari mirefu kupiga kura kwa mara ya kwanza katika maisha yao, na Mandela alikuwa karibu kuwa Rais. Siku hizohizo, Rwanda, watu walikuwa wakichinjwa. Mwandishi mmoja hawezi kuwa mahali pawili. Olojede alibaki na furaha ya Afrika ya Kusini, na baadaye alisema kwamba uchaguzi ule ulimlemea moyoni. Zawadi za mwaka 1995 kwa ajili ya Rwanda zilikwenda kwa Mark Fritz na wapiga picha wa Associated Press, watu waliofika na kuona maiti.

Miaka kumi ikapita. Mwaka 2004 Olojede akaenda Rwanda, si kuhesabu wafu, bali kuwatazama walio hai wanavyoishi. Habari yake iliyojulikana zaidi ni ya mama mmoja Mtutsi. Ndugu zake waliuawa. Yeye alinajisiwa na wauaji, na akapata mimba. Mtoto alizaliwa, naye alipofika Olojede alikuwa na miaka tisa hivi. Mama huyu hulala na kuamka na mtoto ambaye ni damu yake na damu ya adui wa damu yake. Amchukie? Ampende? Olojede hakumjibia. Alikaa, akasikiliza, akaandika jinsi mama anavyomlea, kwa machungu na kwa upendo vikiwa vimefungamana hata havitenganishwi.

Wanafunzi wetu wanapoambiwa waandike insha juu ya vita, huanza na maelfu ya wafu na machozi kama mto. Watazame namna hii nyingine. Mama mmoja, mtoto mmoja, chungu jikoni. Akina mama wa Kivu wanaoujua mzigo huo hawahitaji kuelezwa zaidi, na wako wengi katika parokia zetu.

Mwaka 2005 Columbia ikatangaza jina la Olojede. Alikuwa mzaliwa wa Afrika wa kwanza kupata Pulitzer kwa uandishi wa habari za kalamu. Na wakati jina lilipotangazwa, alikuwa amekwisha kuliacha gazeti: Newsday lilikuwa likipunguza watu wake, naye alikuwa ameondoka mwisho wa 2004.

Kuhusu Kongo yenyewe, twende kwa Lynn mwingine, naye huyu ni mwanamke. Lynn Nottage hakusoma Columbia, bali hufundisha huko. Mwaka 2004 alikwenda Uganda, akakaa na wanawake wa Kongo waliokimbia vita, akawasikiliza. Kutoka katika maneno yao alitunga mchezo uitwao Ruined, wa baa moja katika kijiji cha machimbo huko Ituri, ambamo Mama Nadi huwauzia pombe askari wa kila upande, na kuwakinga na kuwatumia wasichana walioharibiwa na vita. Ulionyeshwa kwanza Chicago mwaka 2008, na mwaka 2009 ukapata zawadi. Mwaka 2017 Nottage aliipata tena kwa mchezo juu ya wafanyakazi wa viwanda wa Marekani, akawa mwanamke wa kwanza kupewa zawadi ya michezo mara mbili.

Hapa ndipo tunapotaka kusema tunaloliona. Katika hawa wote, Kongo na Rwanda zimetoa machungu, na kalamu imetoka mbali. Si kosa la Heinzerling, wala la Nottage. Waliandika kwa heshima. Ni sheria ya zawadi yenyewe. Upande wa magazeti, hupewa wanaoandika katika magazeti ya Marekani. Upande wa vitabu, zamani nyingi zilikuwa za raia wa Marekani tu. Tangu zawadi za mwaka 2025 mlango umefunguliwa pia kwa wageni waliofanya nchi ile kuwa makao yao. Mwandishi wa Bukavu, anayefuata habari kwa miguu katika matope ya Walungu na kuiandika kwa Kiswahili safi, hata akiandika kama dhahabu, hayumo. Pulitzer mwenyewe, angekuwa amebaki na Kijerumani chake katika gazeti la St. Louis, sijui kama baraza lake lingemwona.

Olojede aliliona jambo hili, na akafanya kitu. Akarudi Nigeria, na mwaka 2009 gazeti lake, NEXT, likaanza kuchapwa Lagos. Aliwakusanya vijana wengi, akawafundisha. Akawakataza kabisa kupokea bahasha, ile fedha ambayo mwandishi hupewa na mwenye sherehe ili amsifu, na ambayo kwetu Kongo waandishi huiita coupage. Mwezi wa Januari 2010, wakati wakuu wa serikali walipoficha hali ya Rais Umaru Yar'Adua aliyekuwa mgonjwa ng'ambo, NEXT liliwaambia wananchi kwamba ubongo wa Rais umeharibika na hawezi tena kuongoza. Yar'Adua akafariki mwezi wa Mei mwaka huo.

Wasomaji walilipenda gazeti. Wenye kampuni na watu wa serikali walilipenda kidogo, na matangazo yao yakawa haba. Karatasi, wino, magari ya kupeleka gazeti mikoani na mishahara ya vijana vyote vilitaka fedha kila mwezi. Zawadi ya mwaka 2005 ilikuwa dola 10,000. Mwaka 2011 NEXT likafungwa.